TUITUNZE LAPTOPU YA PAROKIA KWA ZANA ZILIZOMO NDANI YAKE

Ifuatayo ni mada iliyotolewa kwenye semina ya makatibu na wahazini wa kamati za parokia. Tunaichapa kwa ombi la washiriki, ili na wale ambao hawakuweza kufika wanufaike.



Ndugu Mwenyekiti, Baba Paroko mwenyeji wetu, makatibu na wahazini wa kamati, wageni wetu kutoka kwa wafadhili, ndugu wapendwa:

Nashukuru kwa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie matumizi ya laptopu zetu za parokia na namna ya kutatua matatizo yanayojitokeza mara kwa mara. Najua kwamba baada ya chakula cha mchana mada ya namna hii huleta usingizi. Kwa hiyo naomba nianze na kisa changu mwenyewe, nacho si cha kujisifu.

Mwaka 2013 nilikuwa katibu wa kamati ya mradi wa maji katika parokia moja ya kijijini. Tulikuwa na laptopu moja tu, zawadi ya parokia rafiki ya ng'ambo. Ndani yake mlikuwa na kumbukumbu za michango ya jumuiya zote kwa miaka mitatu: nani ametoa fedha, nani ametoa gunia la mahindi, nani amechimba mtaro na kwa siku ngapi. Mhazini wetu, mama mmoja mjane, aliniletea stakabadhi kila Jumapili baada ya misa, nami nikaziingiza.

Wiki mbili kabla ya kupeleka taarifa kwa wafadhili, umeme ulikatika nikiwa katikati ya kuandika. Betri ilikuwa imekwisha choka siku nyingi, kwa hiyo laptopu ikazimika hapo hapo. Umeme uliporudi, haikufunguka. Kioo kilikuwa cheusi, kina maandishi meupe ya Kiingereza. Nikaogopa, nikaizima. Nikaiwasha tena, maandishi yale yale. Nikaizima tena, nikaifunga kwenye kanga, nikapanda basi kwenda mjini kwa fundi.

Fundi hakuniuliza kama ndani mna kitu cha maana, nami sikumwambia. Akaifomati. Nikarudi na laptopu nyepesi kama mpya, na tupu kama mpya.

Kwenye kikao kilichofuata, watu hawakuuliza laptopu imepatwa na nini. Waliuliza fedha ziko wapi. Na swali hilo hawakuniuliza mimi niliyeipeleka laptopu mjini. Walimwuliza mhazini.

Yule mama alileta sanduku la vitabu vya stakabadhi alivyokuwa amevihifadhi chini ya kitanda chake. Tulikaa naye wiki saba, jioni kwa jioni, tukaingiza upya kila karatasi. Hesabu zilikubaliana hadi shilingi ya mwisho. Taarifa ilichelewa, wafadhili wakatuvumilia, kisima kikakamilika. Lakini mama yule hakukubali tena nafasi yoyote katika kamati. Aliniambia, "Mwanangu, fedha za watu nilizitunza. Jina langu ndilo lililopotea mikononi mwenu."

Miezi kadhaa baadaye ndipo nilipojifunza kwamba yale maandishi meupe yalikuwa yananiambia jambo la msaada. Kompyuta ilikuwa inanipa nafasi ya kuendesha ukarabati wake wenyewe. Ilinibidi nibonyeze kitufe kimoja tu na kusubiri. Na hata kama ukarabati ungeshindikana, faili zangu zingeweza kunakiliwa kabla ya kufomati, kwa kuitoa diski na kuiunganisha kwenye kompyuta nyingine.

Ndugu zangu, hilo ndilo neno langu la leo. Zana nyingi za kuiponya laptopu zimo ndani yake tayari, na hazilipiwi. Anayekabidhiwa laptopu ya parokia amekabidhiwa pia majina ya watu. Katika Injili ya Luka, yule mwanamke aliyepoteza sarafu moja aliwasha taa na kuifagia kwanza nyumba yake mwenyewe. Nasi tuanzie hapo. Nitazungumzia Windows, kwa kuwa ndiyo iliyomo katika laptopu nyingi za parokia zetu.

1. Laptopu ikiwa nzito

Hili ndilo lalamiko la kwanza kila ninapopita. Kabla ya kusema ni kuukuu, chagua "Restart". Wengi tunadhani kuizima na kuiwasha ni jambo lile lile, lakini sivyo. Katika Windows 10 na 11 kuna utaratibu uitwao Fast Startup. Ukiwa umewashwa, ukizima laptopu huweka sehemu ya hali yake kwenye diski ili kesho iwake haraka. Kwa hiyo tatizo la jana huweza kuamka nayo. "Restart" huanza upya kabisa.

Ikiwa bado ni nzito, bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Litafunguka dirisha la Task Manager. Humo utaona kila programu na kiasi inachokula cha kumbukumbu, cha diski na cha nguvu ya kompyuta. Programu iliyokwama, iteue kisha bofya "End task". Kabla ya hapo hifadhi kazi yako, maana ambacho hakijahifadhiwa katika programu hiyo kitapotea. Katika dirisha hilo hilo kuna sehemu ya "Startup", yenye orodha ya programu zinazojiwasha zenyewe kila asubuhi. Zile msizozihitaji zizuieni kwa "Disable". Hapo hamzifuti, mnazizuia tu zisijiwashe bila kuitwa.

Tatu, angalia nafasi. Ingia "Settings", kisha "System", kisha "Storage". Diski iliyojaa pomoni huifanya laptopu ihangaike. Hapo kuna orodha ya faili za muda zinazoweza kufutwa. Natoa tahadhari moja: folda ya "Downloads" nayo huonekana katika orodha hiyo. Katibu mwenye desturi ya kuacha humo barua za jimbo na fomu za wafadhili ahakikishe hajaiwekea alama.

2. Flashi na virusi

Flashi moja katika parokia huzunguka kuliko katekista. Inatoka ofisini, inakwenda kwa mchapaji, inapita kwa kwaya, inarudi ofisini. Siku moja ukiifungua unakuta folda zako zimegeuka kuwa vijialama vidogo vyenye mshale, na ukibofya hakuna kinachofunguka vizuri. Wengi hulia kwamba faili zimeliwa, wakaifomati flashi.

Msiifomati. Mara nyingi faili hazijaliwa, zimefichwa. Kirusi huficha folda halisi na kuweka mahali pake njia za mkato zinazokiwasha kirusi chenyewe. Basi usibofye kitu chochote humo. Anza kwa kuichunguza flashi: bofya jina lake kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague kuichunguza kwa Microsoft Defender, kinga ya virusi iliyomo ndani ya Windows 10 na 11. Ikimaliza, fungua Command Prompt. Ikiwa flashi imepewa herufi E, andika hivi, kisha bonyeza Enter:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Agizo hilo huondoa alama za kuficha kwenye kila faili na folda. Angalieni kwanza herufi ya flashi yenu ni ipi, msije mkaandika herufi ya diski ya kompyuta. Faili zikionekana, zinakilini kwenye kompyuta, na zile njia za mkato zifuteni.

Ikiwa virusi vimekwisha ingia kwenye laptopu yenyewe, Defender ina uchunguzi uitwao "Offline scan". Kompyuta hujiwasha upya na kuchunguzwa kabla Windows haijaamka, kwa muda wa kama robo saa. Hauhitaji intaneti wakati unapoendelea, ila ni vizuri kusasisha orodha ya virusi kabla ya kuuanza.

3. Intaneti isiyokubali na bando linalokwisha

Kuna tatizo moja linalowasumbua makatibu wengi nao hawalitambui. Barua pepe haifunguki, tovuti ya benki inakataa, kioo kinaonya kwamba mahali hapo si salama. Mtu analaumu mtandao. Kabla ya kulaumu, tazama saa na tarehe kwenye pembe ya kioo. Ikiwa laptopu inadhani tuko mwaka 2015, itakataa tovuti salama, kwa sababu vyeti vya tovuti hizo vina tarehe za kuanza na za kuisha. Rekebisha tarehe, ujaribu tena. Ikiwa saa inapotea kila laptopu inapokaa bila umeme, huenda kibetri kidogo cha ndani kinachotunza saa kimekwisha. Kumwita fundi akibadilishe ni kazi ndogo.

Kuhusu bando: wengi wetu tunatumia intaneti ya simu. Unaweka bando asubuhi, na kabla ya saa sita limekwisha wala hujatuma kitu. Mara nyingi ni Windows inayopakua masasisho kimya kimya. Ingia "Settings", sehemu ya mtandao, fungua mtandao unaoutumia, kisha washa "Metered connection". Hapo unaiambia kompyuta kwamba intaneti hii inalipiwa kwa kipimo, nayo itapunguza kupakua mambo makubwa. Lakini msikatae masasisho milele, kwa kuwa ndiyo yanayoziba matundu ya usalama. Walau mara moja kwa mwezi tafuteni mahali penye intaneti ya kutosha, muiache laptopu ijisasishe.

4. Betri na joto

Umesikia mtu akisema "betri imekufa" bila kupima. Windows ina kipimo. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, bonyeza Enter. Itakuonyesha mahali ilipoiweka taarifa. Ndani yake tafuta namba mbili: uwezo ambao betri iliundiwa, na uwezo ilionao sasa ikijaa. Tuseme ya kwanza ni 48,000 na ya pili ni 16,000. Betri hiyo imebakiza theluthi moja ya nguvu zake. Sasa kamati ina namba ya kuandika kwenye ombi la fedha, na mfadhili akisoma anaelewa.

Joto nalo ni adui. Laptopu hupumua kupitia matundu ya pembeni au ya chini. Ukiiweka juu ya kitanda au kitambaa cha altare, unaiziba pua. Na vumbi letu la kiangazi hulijaza feni. Iwekeni juu ya meza ngumu, na kila mwaka feni isafishwe na mtu anayejua.

5. Laptopu isipowaka

Hapa ndipo mimi nilipoanguka, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Kwanza, msiwe na hofu wala haraka. Chomoeni kila kitu: flashi, printa, kipanya. Chomoeni na chaja. Kama betri inatoka, itoeni. Shikilieni kitufe cha kuwasha kwa sekunde 30, muachie, mrudishe betri na chaja, mjaribu. Laptopu nyingi nilizoambiwa zimekufa zimefufuka hapo.

Pili, ikiwa taa zinawaka na feni inasikika lakini kioo ni cheusi, bonyezeni kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B. Huwasha upya sehemu inayochora picha kwenye kioo.

Tatu, ikiwa Windows yenyewe inakwama njiani, soma kilichoandikwa. Kama Kiingereza kinasumbua, piga picha kwa simu umtumie anayejua. Windows 10 na 11 ikishindwa kuwaka mara kadhaa mfululizo, kwa kawaida hufungua yenyewe ukurasa wa ukarabati. Chagua "Troubleshoot", kisha "Advanced options". Humo kuna "Startup Repair", inayotafuta kasoro za kuwaka na kujaribu kuzirekebisha. Kuna "System Restore", inayorudisha mipangilio ya siku za nyuma bila kugusa barua na hesabu zako. Hiyo hufanya kazi tu kama iliwashwa kabla, basi mkirudi nyumbani hakikisheni imewashwa. Ipo pia njia ya kuiwasha laptopu katika "Safe Mode", yaani na vitu vichache tu vya lazima, ili mpate kunakili faili zenu.

Humo humo kuna "Reset this PC". Hapo simameni. Ina milango miwili: mmoja huacha faili zenu, mwingine hufuta vyote. Asiingie mtu mmoja peke yake kwenye mlango huo bila nakala na bila kamati kujua.

Nne, kuna hali ambazo hazihitaji ujasiri wetu. Diski ikilia kwa kugonga, zima usiwashe tena. Betri ikivimba, acha kuitumia mara moja wala usiitoboe. Chai ikimwagika, zima, chomoa, peleka kwa fundi. Mafundi wazuri tunao na tunawaheshimu. Ila msimkabidhi laptopu bila maandishi haya juu yake: "Msifomati kabla ya kunakili faili na kupata kibali cha kamati." Laiti ningeandika sentensi hiyo mwaka 2013.

6. Ufunguo na nakala

Laptopu nyingi mpya hufunga diski kwa usimbaji. Ni jambo jema, mwizi hasomi orodha ya waumini. Lakini siku moja inaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo kwa kawaida huhifadhiwa kwenye akaunti ya aliyeianzisha laptopu. Ikiwa aliyeianzisha ni kijana mmoja wa kujitolea aliyekwisha hamia Dar es Salaam, parokia imefungiwa nje ya nyumba yake. Basi laptopu ifunguliwe kwa akaunti ya parokia, na ufunguo uandikwe kwenye karatasi, utiwe bahasha, uwekwe kwenye kasiki la ofisi.

Kuhusu nakala, shikeni namba tatu, mbili, moja: nakala tatu za kila jambo muhimu, katika vyombo viwili tofauti, na moja ikae nje ya jengo. Ndani ya Windows 10 na 11 kuna zana iitwayo File History. Ukiunganisha diski ya nje na kuiwasha zana hiyo, hunakili yenyewe kila saa yale yaliyobadilika, na unaweza kurudia hati ilivyokuwa wiki iliyopita. Diski ikimaliza kazi, ichomolewe, maana radi moja au kirusi kimoja kinaweza kuua laptopu na diski kwa pamoja. Na kila baada ya miezi mitatu, chukueni faili moja kutoka kwenye nakala mjaribu kuifungua. Nakala isiyojaribiwa ni tumaini tu. Vitabu vya stakabadhi navyo msivitupe. Vilituokoa.

7. Neno kwa wafadhili wetu

Tunawashukuru kwa moyo wote. Naomba nanyi niwaambie jambo kwa upendo. Windows 10 iliacha kupata huduma ya kawaida ya masasisho tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 haikubali kila laptopu. Pamoja na mengine, huhitaji kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, kumbukumbu ya GB 4 na nafasi ya GB 64 kwa uchache. Kabla ya kutuma laptopu zilizotumika, tafadhali angalieni kama zinakubali. Na mkiweza, badala ya laptopu tano tupu tuleteeni tatu, pamoja na diski za nje za nakala na siku mbili za mafunzo kwa watu wawili wa kila parokia. Nasema wawili, kwa sababu mmoja huhama.

Ndugu wapendwa, nawaomba kila kamati ikirudi nyumbani ifanye mambo manne kabla ya mwisho wa mwezi: muitazame nafasi ya diski na hali ya betri, muwashe System Restore na File History, muweke ufunguo kwenye bahasha, na muwateue watu wawili wa kuitunza laptopu, majina yao yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Mambo yote manne huchukua mchana mmoja.

Yule mwanamke wa Injili alipoiona sarafu yake aliwaita majirani wafurahi pamoja naye. Mimi ilinichukua miaka miwili kupata ujasiri wa kurudi kwa yule mama, kumwomba msamaha mbele ya jumuiya yake na kueleza wazi kwamba kosa lilikuwa langu. Alinisikiliza, akanikaribisha chai. Kwenye kamati hakurudi, lakini tangu siku ile anapopita kisimani watu humsalimia kwa jina.